Kuku wa Ndimu katika Joto la Voi

Wako miongoni mwetu waaminio kwamba kuku aliyelala katika ndimu ameshaiva nusu. Sivyo. Ndimu huipausha nyama na kuipa ladha, lakini vijidudu vyake huondolewa na moto. Wundanyi kuna baridi ya milimani. Hapa Voi, bakuli likiachwa mezani tangu Alasiri hadi Magharibi huwa hatari, hasa kwa watoto na wajawazito.

Sisi humpasua kuku mgongoni tukamkunjua, tukamchanja mapaja. Humtosha maji ya ndimu tatu na nusu chungwa, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi. Bakuli liwe la kioo, kwani ukali wa ndimu huila sufuria ya alumini. Saa mbili katika friji zatosha. Akilala kucha nyama hulegea mno, watuwie radhi wapenzi wa kulaza. Asiye na friji amtie ndimu nusu saa tu kabla ya kuchoma.

Makaa yavae jivu jeupe kwanza. Maji aliyolowekwa msimpakie motoni kabla ya kuyachemsha. Afadhali mkamue ndimu mpya. Mwenye kipimajoto angoje nyuzi 74 kwenye nyama nene ya paja, na sahani iliyobeba kuku mbichi isimpokee aliyeiva.