Kabla ya Kulipa Ada ya Shahada ya Ukunga

Shahada ya Ukunga nchini Tanzania husomwa kwa miaka minne, darasani na wodini. Hata hivyo, shahada pekee haimruhusu mhitimu kutoa huduma. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kwanza asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Kwa hiyo, tunawashauri waombaji na wazazi wahakikishe mapema kwamba programu yenyewe, si chuo tu, imo katika Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kwamba Baraza linaitambua. Ombeni uthibitisho wa maandishi. Kauli ya kwamba “kibali kiko njiani” haitamsaidia mhitimu siku ya kuomba usajili.