Dhambi Yangu, Si ya Babu

Jirani yangu aliniletea karatasi aliyopewa kwenye ibada ya maombezi, nimsaidie kuijaza. Ilikuwa na nafasi za majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, kisha maswali: nani katika ukoo aliachika, nani alikufa kwa ulevi, nani alienda kwa mganga. Chini kabisa palikuwa na mahali pa kuandika kiasi cha sadaka ya kuvunja laana. Swali moja halikuwamo: wewe mwenyewe umefanya nini?

Wahubiri wa laana za ukoo huegemea Kutoka 20:5, panapotaja uovu wa baba kufika mpaka kwa vitukuu. Mstari huo upo, wala siukwepi. Lakini nabii Ezekieli, akiwa uhamishoni Babeli, aliwakuta Wayahudi wenzake wamejibanza nyuma ya methali ya wazazi waliokula zabibu chungu na watoto wakapata ganzi la meno. Aliwakanya wasiitumie tena. Sura yake ya 18 inapitia vizazi vitatu: baba mwadilifu, mwana mnyang'anyi, mjukuu aliyeyaona maovu ya baba yake akayakataa. Kila mmoja anahukumiwa kwa lake. Kwamba ulevi wa baba huwaumiza watoto, nani asiyejua? Ada haikulipwa, shamba limeuzwa. Ila hatia inabaki kwake.

Na mwenye hatia aende wapi? Katika hekalu la Yerusalemu, Patakatifu pa Patakatifu aliingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka. Mathayo anasimulia kwamba Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka kuanzia juu. Waraka kwa Waebrania unawaita waumini wote wasogee kwa ujasiri, bila kumtaja mlinda mlango. Martin Luther, aliposhambulia biashara ya vyeti vya rehema mwaka 1517, alishikilia kwamba anayetubu kweli ana msamaha hata bila cheti. Wakatoliki wataniambia wao huungama kwa padre. Sawa, lakini Kanisa lao linafundisha kwamba anayesamehe ni Mungu, na kitubio hakiuzwi.

Mimi somo hili sikulipata kwa Luther. Nililipata kwa bibi mzaa mama, mkulima wa kahawa na ndizi huko Bukoba, aliyeokoka wakati wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho huo ukawaka kwenye misheni ya Gahini, Rwanda, ukasambaa hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi kwa jina lake. Wengine walipitiliza, wakaanika mambo ya ndoa yaliyowahusu watu wasiokuwapo, na hilo silisifu.

Bibi alitaja vijiwe. Alikuwa akivichanganya na kahawa ili gunia lizidi uzito. Hakusema shetani alimtuma, wala hakumtaja babu yake, ambaye kwa sifa nilizosikia angefaa sana kubebeshwa lawama. Aliuza mbuzi, akapeleka fedha kwa karani wa ushirika. Karani akapekua daftari lake, hakuona safu ya fedha za toba. Akamwambia arudi nazo nyumbani. Bibi akakaa kwenye benchi mpaka mchana, karani akachoka, akaziandika chini ya "mengineyo" na kumkatia risiti.

Msamaha alikuwa ameshaupata kabla ya kumuuza yule mbuzi. Fedha zile zilikuwa deni la watu. Wanaouza ukombozi wameligeuza jambo hili: tunaowadhulumu hawapati kitu, anayelipwa ni mwombezi.

Basi msomaji, kabla hujatoa hata shilingi ili uvunjiwe laana, fungua Ezekieli 18. Ina mistari 32. Isome mwenyewe, kisha kamlipe anayekudai kwa uovu wako, kama yupo.