Bomba Lililojazwa Zege Si Boriti

Swali nililoulizwa tena juma hili, na mwenye gereji aliyekusudia kujiundia fremu ya kunyanyulia injini, ni lile lile ambalo mafundi wetu hawachoki kuliuliza: je, bomba la maji la inchi mbili likijazwa zege halitoshi kuwa boriti ya juu? Jawabu ni kwamba halitoshi. Na madhali dhana hii imekwisha kuota mizizi hata katika karakana za wachomeleaji hodari, yafaa ibatilishwe kwa hesabu.

Boriti iliyolazwa juu ya miguu miwili na kutundikwa mzigo katikati hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini, na baina ya pande hizo, katikati ya kimo chake, pana mahali pasipobanwa wala kuvutwa. Chuma kilicho mbali na mahali hapo ndicho kifanyacho kazi. Kilicho karibu napo hubebwa tu. Zege hukaa papo hapo pasipo na kazi. Nusu yake ya chini huvutwa, na zege likivutwa hustahimili takriban sehemu moja ya kumi ya lile linalostahimili likibanwa, kwa hiyo hupasuka humo ndani bila mtu kuona. Na nusu ya juu, ijapokuwa hubanwa, ukakamavu wake ni kama sehemu moja ya saba tu ya ule wa chuma. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 60 lenye ukuta wa milimita 3: mita moja ina uzito wa kilo 4 na ushei, na likijazwa hukaribia kilo 10, ilhali ukakamavu wake, hata tukikubali kwamba zege halikupasuka, huongezeka takriban kwa robo. Uzito umezidi maradufu kwa ajili ya robo ambayo nayo haidumu! Zege lina faida katika nguzo, inayobanwa kwa urefu wake, kwani huuzuia ukuta wa bomba usibonyee. Lakini boriti si nguzo, na anayezichanganya hizi mbili huhatarisha uhai wa kijana aliyelala chini ya gari.

Bomba hilo, likivuka mita 3 na kutundikwa injini ya gari dogo yenye kilo 200, hupata mkazo wa kilo 2,000 na zaidi kwa kila sentimita ya mraba, na chuma cha kawaida hupinda kisirudi kikifika kama 2,500. Seuze injini ya lori!

Kinacholeta nguvu ni kimo. Bapa la chuma la milimita 100 kwa 10, ukilisimamisha kwa ubavu, huwa na nguvu mara kumi, na ukakamavu mara mia, kuliko lilipolazwa, na hukuongeza hata gramu moja. Kadhalika umbali kati ya miguu ukizidishwa mara mbili, kulegea kwa boriti huzidi mara nane. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja, ambao boriti zao zilikuwa za mikoko, walivifanya vyumba vyembamba kwa sababu boriti hizo hazikuruhusu zaidi.

Basi fanya hivi. Chukua uzito wa mzigo, tuseme kilo 1,000, uongeze robo kwa ajili ya mishtuko. Zidisha kwa umbali wa sentimita 300, ugawe kwa 4, kisha ugawe kwa mkazo wa kilo 1,000 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi cha hadhari kwa boriti isiyoshikizwa ubavuni. Utapata takriban sentimita za ujazo 94, kipimo cha nguvu ambayo umbo la boriti huipa, na katika jedwali la muuza chuma boriti ya umbo la I iitwayo IPE 140 ina 77, haifai. IPE 160 ina 109, inafaa, na italegea milimita 3 hivi. Miguu iwe na vishikizo vya mshazari pande zote, ncha za boriti ziwe na vizuizi ili winchi ya mnyororo isiponyoke, na magurudumu ya fremu, kama yapo, yasikanyage udongo. Jaribu kwa kilo 1,250, sentimita chache tu kutoka chini, asiwepo mtu karibu. Ukishusha, vuta uzi toka ncha hadi ncha, na boriti isiporudi kunyooka usiitumie. Ikirudi, andika kilo 1,000 kwa rangi ubavuni mwake, pande zote mbili.