Samaki Aliyevikwa Majani

Katika bahari ya kusini mwa Australia yuko samaki wa jamaa ya farasi wa bahari, ambaye Muumba amemvika ngozi zenye mfano wa majani. Hizo si za kuogelea, bali humficha katika mwani. Mke hutaga mayai yapata 250, akayabandika mkiani mwa mume. Naye baba huyachukua majuma kadha hata yaanguliwe.

Tangu mwaka 1987 sheria ya South Australia yakataza kumkamata pasipo ruhusa. Lakini maji machafu ya mji wa Adelaide yaliua majani mengi ya bahari. Na mwaka 2025 vijimea vya sumu vilizidi majini, samaki hao wakaonekana pwani wamekufa.

Basi, amlindaye kiumbe na ailinde na nyumba yake.