MAKAA YA MAWE: MNUNUZI AULIZE PIA CHUMVI

Makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kushushwa Arusha. Kwa gharama hiyo, mwenye boila huuliza bei ya tani, nguvu ya joto na kiasi cha majivu. Sodiamu na potasiamu huwa hazitajwi, ingawa ndizo humfungia kiwanda.

Zinapoungua hugeuka mvuke na kupanda na moshi. Zikikuta mabomba yenye ubaridi kidogo huganda na kuwa kama gundi. Majivu hunasa, ukoko hujengeka, joto halipiti, na mafuta ya boila huongezeka bila mvuke kuongezeka. Zikikutana na klorini au salfa, chuma huliwa. Maganda ya kahawa kutoka miteremko ya Meru, ambayo ni rahisi kwa bei, yana potasiamu nyingi kuliko makaa mengi, hivyo urahisi huo upimwe vizuri.

Kupima majivu baada ya moto huonyesha kilichobaki tu. Kilichotoka, na kimetoka saa ngapi, hupimwa kwa leza. Anayenyunyizia magadi ya Ziwa Natron motoni huona ndimi zikigeuka njano. Ni sodiamu hiyo. Leza huwekwa kwenye rangi hiyohiyo, nanomita 589, ikapitishwa juu ya punje inayoungua. Atomu za sodiamu huinyonya nuru na kuitoa tena, kamera ikapiga picha, na mng'aro ukageuzwa kuwa kiasi. Potasiamu husomwa karibu na nanomita 766.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walichapisha vipimo vya namna hiyo mwaka 2008, kwa punje moja moja ya makaa ya kahawia ya Victoria. Ilionekana kuwa sodiamu haitoki kwa mkupuo: hutoka wakati wa moshi wa mwanzo, wakati kaa linawaka, na hata majivu yakiwa yamebaki peke yake kwenye joto. Kwa hiyo kuacha majivu moto ndani ya tanuri muda mrefu kuna gharama yake.

Udongo wa kaolini, jamii ya ule wa Pugu, ukichanganywa na makaa hunasa sehemu ya chumvi hizo.

Leza ni ya maabara kubwa. Mnunuzi adai cheti cha uchambuzi wa majivu chenye mistari ya Na2O na K2O. Kama haimo, sampuli ipelekwe maabara kabla lori halijapakiwa.