Je, Wajua? Kazi Unayofanya Supamaketi Bila Mshahara

Orodha iko mfukoni: unga pakiti mbili, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni ya mche, viberiti. Vitu vitano tu. Utatoka na kumi na tatu, na viberiti utakuwa umevisahau. Kabla hujamsingizia shetani, hebu tufuatane tangu mlangoni.

Je, wajua kwamba kuna wakati usingeruhusiwa hata kukigusa kitu dukani kabla hujakilipia? Mambo yalikuwa kama kwenye kioski cha mtaani kwenu. Unasimama upande wako wa kaunta, unaagiza nusu kilo ya sukari, na muuzaji ndiye anayepima, anayefunga na anayekukabidhi. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee nchini Marekani, Clarence Saunders akafungua duka aliloliita Piggly Wiggly na kuugeuza utaratibu huo. Mteja aliingia kwa mlango wa kuzunguka, akapewa kikapu, akapitishwa njia moja iliyozunguka rafu zote, akajichotea mwenyewe na kutokea kwa keshia. Mwaka uliofuata Saunders alipata hataza ya duka hilo. Si ya mashine wala ya sabuni, bali ya mpangilio wenyewe wa kukutembeza. Faida ilikuwa wazi: makarani wachache, mshahara mdogo. Kazi ya karani haikwenda popote, ilihamia kwako.

Na jina la Piggly Wiggly lilitoka wapi? Inasimuliwa kwamba Saunders alipoulizwa, alijibu kuwa alilichagua ili watu waulize hivyo hivyo.

Mwisho wake una funzo kwa wacheza hisa. Mwaka 1923 alipambana na walanguzi wa soko la hisa la New York, akashindwa, na kampuni ikamponyoka. Jumba la marumaru ya waridi alilokuwa akijijengea Memphis lilimponyoka pia. Leo ni makumbusho, na ndani yake kuna mfano wa duka lake la kwanza. Hakukata tamaa: mwaka 1937 akaja na Keedoozle, duka ambamo mteja alitia ufunguo kwenye tundu lililo chini ya bidhaa na mitambo ikamletea mzigo. Mitambo ikawa haiishi kuharibika.

Je, wajua kwamba Carrefour ni neno la Kifaransa lenye maana ya njia panda? Kampuni ilianzishwa mwaka 1959, na duka lake la kwanza huko Annecy lilikuwa kwenye njia panda kweli. Ilipoingia Kenya mwaka 2016, ilikuja mikononi mwa Majid Al Futtaim ya Dubai. Sisi wa pwani tuliofundishwa kwamba njia panda hutupwa makafara, sasa tunaitupia mishahara.

Na je, wajua uhusiano wa supamaketi za Kenya na magodoro? Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattresses. Jina rasmi la Tuskys lilikuwa Tusker Mattresses. Naivas nayo ilianza kama Naivasha Self Service Stores. Bonde la Ufa ndilo lililozaa wafanyabiashara hao, na duka la godoro likakua likauza blanketi, kisha sufuria, kisha unga. Nakumatt, iliyokuwa na matawi hadi Tanzania, Uganda na Rwanda, ilifika mwisho mwaka 2020 wadai wake walipopiga kura ifilisiwe.

Sasa vuta toroli. Gurudumu moja litakuwa linaelekea Malindi na mengine Voi, lakini livumilie, lina historia yake.

Je, wajua kwamba toroli lilipoletwa watu walilikataa? Sylvan Goldman alikuwa na maduka ya kujihudumia katika Oklahoma City. Aliona kwamba mteja huacha kununua kikapu kinapomlemea mkono, si pesa zinapokwisha. Mwaka 1937 akatazama kiti cha kukunja ofisini kwake, akawaza magurudumu miguuni na kikapu juu ya kikalio. Likatengenezwa. Vijana wa kiume wakaona ni aibu, kwamba hawana misuli ya kubeba kikapu. Wanawake wakasema wamechoka kusukuma vigari vya watoto. Wazee hawakutaka waonekane wamechakaa. Goldman akawalipa watu wa kila umri, wake kwa waume, wazunguke dukani wakisukuma matoroli na kujifanya wananunua. Wateja walipoona wenzao wanasukuma, nao wakasukuma. Nadhani hao ndio watu pekee katika historia waliowahi kulipwa kwa kusukuma toroli la supamaketi. Hamali wa soko la Kongowea anasukuma mkokoteni na analipwa mwisho wa safari. Wewe mwisho wa safari unalipa.

Matoroli yanayoingiana kama sahani, yale unayoyakuta yamepangwa mlangoni, yalikuja baadaye: ni kazi ya Orla Watson wa Kansas City, katika miaka ya 1940.

Je, wajua kwamba muziki unaokera masikio yako pale kwenye rafu ya sabuni huenda uko kazini? Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya kupiga muziki wa polepole na wa haraka katika supamaketi moja. Muziki ulipokuwa wa polepole, watu walitembea polepole, na mauzo yakawa juu kwa asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Duka likikupigia singeli, basi meneja hajasoma.

Maziwa, mkate na mayai viko nyuma kabisa. Wengi huamini huo ni mtego wa kukupitisha kwenye biskuti, na kwa sehemu ni kweli. Lakini maziwa yana sababu nyingine isiyo na hila: friji hukaa karibu na ghala ili mzigo wa baridi usikae nje muda mrefu. Rafu iliyo usawa wa macho, hiyo haina utetezi. Unachokitafuta kwa bei nafuu kiko magotini, na peremende ziko usawa wa macho ya mtu wa miaka minne.

Je, wajua kwamba bidhaa nyingi zaweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu? Katika duka moja la Menlo Park, California, watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper waliweka meza ya kuonjesha jamu. Mara jamu aina 24, mara aina 6. Meza ya 24 ilivuta watu wengi zaidi, ila kati ya waliosimama hapo, watatu tu katika kila mia walinunua. Kwenye meza ya 6, walinunua thelathini katika mia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Watafiti wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakuyapata hivyo kila mara, kwa hiyo usimwambie meneja apunguze jamu kwa kuninukuu mimi.

Ukiona wingi wa rafu umekuchosha, mkumbuke Boris Yeltsin. Septemba 1989, akiwa bado mwanasiasa wa Umoja wa Kisovieti, alitembelea kituo cha anga cha Marekani karibu na Houston. Alipotoka huko, bila kupangiwa, aliingia supamaketi ya kawaida ya mtaani iliyoitwa Randall's. Roketi hazikumshtua. Kilichomshtua ni friji zilizojaa vyakula na watu wa kawaida waliokuwa wakinunua bila hata kushangaa. Baadaye aliandika kwamba aliwahurumia watu wa nchi yake.

Bei: 99, 199, 999. Je, wajua jicho husoma tarakimu ya kushoto kwanza, na akili hushikilia hiyo? Mia moja na ushei inaonekana mbali na mia mbili kuliko shilingi moja inavyostahili. Ajabu ni kwamba ukifika nyumbani ukiulizwa umenunua kwa bei gani, utajibu, "Mia mbili." Jicho limedanganywa, ulimi umekataa.

Nyongeza aliyokuwa akikupa mama mboga, ile nyanya moja ya juu, supamaketi imeigeuza kuwa bango: nunua mbili, upate moja bure. Hesabu yake ni punguzo la theluthi moja, mradi ulikuwa na haja ya tatu. Ulikuwa unataka ngapi?

Sehemu ya matunda nitaipita haraka. Je, wajua kile kibandiko kwenye tufaha kina lugha? Tarakimu nne ni tunda la kilimo cha kawaida. Tano zinazoanza na 9 ni tunda la kilimo hai. Ndizi mbivu ya kawaida ni 4011, na makeshia wa nchi nyingi wanaijua namba hiyo kwa moyo kama ya simu ya mama. Tufaha lenyewe laweza kuwa lilichumwa miezi kadhaa iliyopita, likalazwa kwenye chumba baridi kilichopunguzwa oksijeni, likasinzia humo. Embe lako la Malindi haliwezi usingizi huo.

Tumefika kwenye foleni. Je, wajua kwa nini foleni ya jirani huenda kasi kuliko yako? Hujarogwa. Ukisimama kwenye foleni moja kati ya tatu zinazolingana, uwezekano kwamba yako ndiyo ya kasi zaidi ni mmoja kati ya tatu. Mara mbili katika tatu, kuna foleni pembeni itakayokukera.

Tumia muda huo kutazama mistari myeusi kwenye pakiti ya unga. Msimbopau huu, hapa nitakaa kidogo, ulianzia mchangani. Mnamo 1949 Norman Joseph Woodland alikuwa ufukweni Miami akiwaza namna duka linavyoweza kuzisoma bidhaa kwa mashine. Utotoni katika skauti alijifunza alama za Morse. Akachora nukta na vistari mchangani, akavivuta kwa vidole kuelekea kwake, na nukta zikawa mistari myembamba, vistari vikawa mistari minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952, wakaja kuiuza kwa dola 15,000. Leza ya kusomea mistari hiyo ilikuwa bado haijapatikana, na hataza ikaisha muda kabla wazo halijaleta utajiri. Umbo lao lilikuwa la duara, kama shabaha ya mishale. George Laurer wa IBM ndiye aliyekuja kulinyoosha kuwa mistari wima, kwa kuwa duara lilikuwa likitapakaa wino kiwandani, lakini mstari wima ukitapakaa kwa urefu bado unasomeka.

Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, msimbo wa kwanza wa aina hiyo ulipitishwa kwenye leza. Kilichokuwa kinanunuliwa ni pakiti ya bigijii ya Wrigley's, ladha ya Juicy Fruit, senti 67.

Je, wajua kwamba ndani ya mistari hiyo hamna bei? Mna namba tu. Bei iko kwenye kompyuta ya duka. Ndiyo maana rafu yaweza kusema 180 na keshia akasema 210: mtu alibadilisha mahali pamoja akasahau pa pili. Mwambie, bila kuona haya.

Tarakimu tatu za mwanzo zikiwa 616, namba ilitolewa Kenya; zikiwa 620, Tanzania. Hiyo haina maana kwamba bidhaa ilitengenezwa hapo, ni kwamba kampuni ilijiandikisha hapo tu. Na tarakimu ya mwisho, ya 13, ni askari. Zijumlishe zilizo kwenye nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12, zidisha kwa 3, ongeza zile za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, kisha ongeza ya 13. Jibu lazima liishie na sifuri. Keshia akiiandika namba kwa mkono na kukosea tarakimu moja, mashine inamkatalia papo hapo. Jaribu na pakiti yako, foleni bado haijasogea.

Mashine ya keshia yenyewe ilizaliwa kwa kutoaminiana. James Ritty alikuwa na baa mjini Dayton, Ohio, na wafanyakazi walikuwa wakimwibia. Akiwa melini kuelekea Ulaya aliona kifaa kinachohesabu mizunguko ya rafadha. Mwaka 1879 yeye na nduguye wakasajili mashine ya kuhesabu mauzo, wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Keshia Asiyehongeka. Haikutabiri kwamba siku moja chenji ya shilingi tatu ingerudishwa kwa pipi.

Mfuko nao unautoa nyumbani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania ikaiaga mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019. Je, wajua kwamba aliyeubuni mfuko huo, Msweden Sten Gustaf Thulin, katika miaka ya 1960, kwa maelezo ya mwanawe alitaka kuokoa miti iliyokatwa kwa mifuko ya karatasi? Yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mmoja umekunjwa mfukoni, akiutumia tena na tena.

Mlangoni askari atakagua risiti yako na kuipiga alama ya kalamu. Hiyo alama ya kalamu ndiyo yenye wino pekee hapo. Risiti nyingi za siku hizi hazina wino: karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto la mashine. Iache kwenye dashibodi ya gari juani iwe nyeusi yote, au ikae kwenye pochi mpaka maandishi yafifie. Kama umenunua pasi yenye dhamana ya mwaka mmoja, ipige risiti picha leo.

Viberiti? Vuka barabara, mwenye kioski atakushushia mwenyewe kutoka rafuni.