Je, Wajua? Samaki Wenye Vitambulisho

Ng'ombe huvalishwa hereni ili asipotee. Samaki huvalishwa yake, kisha huachiwa apotee. Kazi yenyewe ni siku atakapopatikana tena. Je, wajua kwamba…

• Mchezo huu ni wa kale? Mwingereza Izaak Walton, katika kitabu chake cha uvuvi cha mwaka 1653, anasimulia jinsi samoni wachanga walivyofungwa utepe mkiani, wakaja kunaswa tena mto ule ule baada ya kutoka baharini.

• Huhitaji kukausha bwawa ili ujue lina samaki wangapi? Tuseme umevua 500, ukawatia alama na kuwarudisha. Baadaye unavua 400, na 20 kati yao wana alama yako. Hao 20 ni asilimia 5 ya ulichovua, basi wale 500 wa mwanzo nao ni kama asilimia 5 ya wote. Bwawa lina samaki wapatao 10,000.

• Hesabu hiyo imebeba jina la Mdenmark? Ni C. G. Johannes Petersen, aliyewatia samaki bapa visahani vidogo vya utambulisho huko Limfjord katika miaka ya 1890. Visahani vya aina hiyo bado huitwa kwa jina lake.

• Samaki mmoja huweza kuvalishwa lebo mbili? Lebo ikidondoka, hesabu huharibika. Anayerudi na moja badala ya mbili humwonyesha mtafiti ni ngapi zinazopotelea majini.

• Maji ya Tanzania yamewahi kuwa kitovu cha kazi hii? Kati ya mwaka 2005 na 2007, mradi mkubwa wa Bahari ya Hindi uliwachomeka lebo jodari zaidi ya 168,000, sehemu kubwa yao karibu na pwani ya Tanzania. Zaidi ya 25,000 walipatikana tena, wengi kwenye meli kubwa za nyavu zinazoshusha samaki Shelisheli.

• Watafiti wa mradi huo walitega mtego, lakini si wa samaki? Walichomeka lebo kwa siri kwenye jodari waliokwisha kufa ndani ya meli, kisha wakangoja waone ni ngapi zitaripotiwa. Bila kipimo hicho, lebo iliyotupwa na mtu asiyejali ingehesabiwa kama samaki ambaye hakuvuliwa.

• Redio haifai baharini? Mawimbi yake hufifia upesi kwenye maji ya chumvi. Mtoni redio hutumika, lakini baharini samaki hupewa kifaa kinachotoa mlio, na vipokezi vilivyotiwa nanga chini ya maji huandika kila anayepita.

• Milio hiyo ilifichua siri ya Mafia? Papa potwe huonekana kwa wingi kisiwani humo kuanzia Oktoba hadi Machi, kisha hutoweka machoni. Ilidhaniwa kwamba wanahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi wao hawaendi mbali: husogea nje kidogo ya ghuba na kuogelea kina kirefu zaidi, wasikoonekana na mtu aliye kwenye mashua.

• Kuna lebo inayojing'oa yenyewe? Siku iliyopangwa ikifika, huachana na samaki, huelea juu na kurusha taarifa zake kwa setilaiti. Papa mweupe aliyepewa jina Nicole alivalishwa moja Afrika Kusini mwaka 2003. Baada ya siku 99 na kilomita 11,000, ikaibukia Australia. Agosti 2004 Nicole alionekana tena Afrika Kusini, akatambuliwa kwa mikato ya pezi lake la mgongoni.

• Lebo hizo husoma jua? Urefu wa mchana hudokeza samaki yuko umbali gani kutoka Ikweta, na saa ya jua la utosini hudokeza yuko mashariki au magharibi kiasi gani.

• Wengine wamezaliwa na kitambulisho? Madoa ya papa potwe hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Mwaka 2005 wataalamu walichukua mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha mpangilio wa nyota, wakaitumia kulinganisha picha za madoa hayo. Silikanti wa Komoro nao wametambuliwa mmoja mmoja kwa madoa yao meupe.

• Maji ya moto na baridi ni kalamu? Katika vituo vya kuangulia samoni huko Alaska, joto la maji hupandishwa na kushushwa kwa ratiba maalumu. Kila badiliko huacha mstari kwenye vijiwe vya sikio la kifaranga, na mamilioni huwekewa alama kwa pamoja bila kuguswa.

• Mtoto anaweza kuwa alama ya mzazi wake? Nchini Australia, watafiti walipima vinasaba vya jodari wa kusini wapatao 14,000, wakubwa na wadogo, wakapata jozi 45 za mzazi na mwana. Jozi zikiwa chache, wazazi ni wengi. Zikiwa nyingi, wazazi ni wachache.

• Dagaa hahesabiwi kwa lebo? Ni mdogo mno, na ni mwingi mno. Ziwa Victoria huchunguzwa kwa meli inayotuma sauti majini na kupima mwangwi unaorudi.

• Lebo ikirudi bila maelezo, thamani yake hupungua sana? Ukikuta uzi wa plastiki wenye namba mgongoni mwa samaki, usiukate na kuutupa. Pima urefu wa samaki kabla hajakatwa vipande, andika tarehe na mahali alipovuliwa, kisha peleka lebo na maelezo hayo kwa afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe). Mara nyingi kuna zawadi, na namba hiyo moja huenda ikaeleza safari ya miaka kadhaa.